Mufasa Ni Baba Kwanza: Namna ya Kuandaa Jioni ya Kumsikiliza James Earl Jones

Mtu akiombwa aigize sauti ya Mufasa, simba mfalme wa katuni ya The Lion King ya 1994, kwanza atakohoa, atashusha kidevu kifuani, halafu ataanza kukwaruza koo. Sentensi ya kwanza inapendeza. Ya tatu sauti inapasuka, ya nne anaomba maji. Wapenzi wa The Lion King wa hapa Arusha, kuanzia Ngarenaro mpaka Sakina, wengi ni wa namna hii, na wenzao wa Moshi si bora sana. Wote wanakimbilia besi, ule uzito wa sauti ya chini. Besi James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyempa Mufasa sauti, alikuwa nayo tayari, haikuhitaji kutafutwa. Kazi yake kwenye maikrofoni ilikuwa nyingine, na anayetaka kuandaa jioni ya kumkumbuka bila kujua kazi hiyo ataishia kuwasumbua majirani kwa mtikisiko wa spika.

Jones alifariki tarehe 9 Septemba 2024 nyumbani kwake katika jimbo la New York, akiwa na miaka 93. Alizaliwa Arkabutla, Mississippi, tarehe 17 Januari 1931, na akiwa bado mdogo akapelekwa Michigan kulelewa na babu na bibi mzaa mama. Huko kigugumizi kilimshika hadi akawa karibu bubu kwa takriban miaka minane. Aliyemfungua ni mwalimu wake wa sekondari, Donald Crouch, aliyegundua kwamba kijana anaandika mashairi, akamtaka asome moja mbele ya darasa. Akasoma bila kukwama. Hata uzeeni Jones aliendelea kusema kwamba kigugumizi hakijamtoka, amejifunza tu kuishi nacho. Ukilijua hili, unaanza kusikia kwa nini neno lake halikatwi mwishoni na kwa nini hana haraka ya kuingia neno linalofuata.

Jambo la pili ambalo mwandaaji anatakiwa kulijua alilisimulia mwenyewe. Alipoanza kurekodi Mufasa alimfanya mfalme mwenye makuu, kifua mbele, na haikufaa. Watengenezaji wa filamu wakamuuliza: wewe nyumbani ni baba wa namna gani? Akawaambia ni baba wa mizaha tu, asiye na makuu. Wakaanza kuchukua hata ishara za uso wake na kumvika simba. Katika katuni kama hii sauti hurekodiwa kwanza, mchoraji ndiye anayeifuata, hivyo aliyeongoza uchoraji wa Mufasa, Tony Fucile, alikuwa na baba mzima wa kumchora na si ngurumo peke yake. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye siri yote. Mufasa anatisha kwa sababu muda mwingi hatishi.

Ndiyo maana mpangilio wa vipande ni muhimu kuliko ukubwa wa spika. Wengi huanza na mzimu wa mawinguni, Mufasa aliyekufa akimjia usiku mwanawe Simba, ambaye sasa ni mkubwa, kwa kuwa ndicho kipande maarufu. Usianze hapo. Sauti ile imeongezewa mwangwi, inatoka juu, na ukiisikia kwanza masikio yanazoea ukubwa huo. Kila kinachofuata kitaonekana kidogo. Anza asubuhi, pale Simba mdogo anapomwamsha baba yake. Sarabi, mama yake Simba, anamwambia Mufasa kwamba mwanao ameamka, naye anajibu kwa usingizi kwamba kabla ya jua kuchomoza huyo ni mwana wa mama. Hii ni sauti ya mzee yeyote wa Kijenge siku ya Jumamosi. Aliyetoa sauti ya Sarabi, Madge Sinclair, ndiye aliyekuwa malkia wa Jones katika Coming to America ya 1988, na alifariki Desemba 1995, mwaka mmoja na nusu tu baada ya The Lion King kutoka. Wanaoijua filamu ile hufurahi wakikumbushwa, na ni vizuri kuisema kabla ya kubonyeza kitufe.

Endelea mpaka Mufasa anapomfundisha mtoto kunyatia. Zazu, ndege mtumishi wa mfalme, anatoa ripoti ya asubuhi, hana habari, na Mufasa ananong'ona. Hapa zima picha. Waambie watu wasikilize mnong'ono peke yake: besi imepungua sana, hewa ni nyingi, na bado unajua ni nani. Kama wageni wako watakumbuka kitu kimoja tu, wakumbuke kwamba mwenye sauti nzito kuliko wote alijua kuiacha.

Kisha kipande kikubwa, baada ya Simba na rafiki yake Nala kuponea kwenye makaburi ya tembo walikokatazwa kwenda. Hiki usikikate hata kidogo. Mufasa anamwagiza Zazu ampeleke Nala nyumbani, na sauti ni ya amri, fupi, inaishia chini. Simba anasogea, anakanyaga ndani ya alama ya mguu wa baba yake, mguu mdogo katikati ya mkubwa. Kisha karipio: angeweza kupaza, hapazi, anashuka. Halafu anakiri kwamba na yeye leo aliogopa, kwa kuwa karibu ampoteze mwanawe, na kwenye kukiri huko sauti inakuwa nyepesi kabisa. Kabla hujakaa sawa wanagaragazana na kucheka. Halafu nyota, na wafalme wa zamani wanaotazama kutoka huko juu. Amri, masikitiko, hofu, kicheko, utulivu, vyote ndani ya dakika chache, na sauti haijaongezwa hata mara moja. Kicheze kipande hiki mara mbili, ya kwanza na picha, ya pili gizani.

Korongoni, pale nyumbu wanapotimka na Mufasa anakufa, sisi huparuka. Maneno ya Mufasa ni machache mno, watoto wanalia, na jioni nzima inageuka msiba.

Kama muda upo, weka vitu viwili vya kulinganisha. Kimoja ni The Flight of Dragons ya 1982, ambako Jones ni Ommadon, mchawi mwovu. Humo besi imeachiwa huru, na unaona mara moja inavyochosha ikikosa mzaha. Cha pili ni Darth Vader, mwovu mwenye kofia nyeusi wa filamu za Star Wars, katika Star Wars Rebels, katuni ya televisheni. Vader alianza naye 1977, kwa malipo ya dola 7,000, na jina lake halikuwekwa kwenye filamu mbili za mwanzo. Pumzi ile ya Vader si yake. Fundi wa sauti Ben Burtt aliirekodi kutoka kwenye kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Maelekezo aliyopewa Jones kwa Vader yalikuwa sauti isipande wala isishuke sana, kwa kuwa yule si mtu kamili. Kwa Mufasa ni kinyume, inazunguka kila mahali. Koo ni moja, kazi mbili.

Toleo la 2019 lilimrudisha akiwa na miaka 88, peke yake kati ya waigizaji wa sauti wa 1994. Pumzi ni fupi zaidi na maneno yanatembea polepole. Wapo wanaolipenda kwa uzee huo. Sisi tunaona sauti imeachwa ifanye kazi yenyewe, kwa sababu uso wa simba aliyetengenezwa afanane na simba wa kweli hauna nyusi za kumsaidia baba mwenye mzaha.

Sasa vyombo. Septemba hapa mvua hakuna, bati halitakusumbua kwa matone, ila upepo wa jioni hugongesha bati lililolegea, kwa hiyo likague mchana. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu. Projekta ya kawaida kwenye shuka jeupe haionekani vizuri mpaka saa moja usiku. Umeme ukikatika, laptopu itaendelea lakini spika na projekta vitalala. Weka spika moja ya kuchaji kando, tayari imejaa. Kwa kuwa jioni hii ni ya kusikiliza, projekta ikizimika hujapoteza kitu.

Tatizo kubwa kuliko yote halitokani na spika. Filamu nyingi za diski zina sauti ya njia sita, na maneno ya wahusika karibu yote hupita njia ya katikati. Ukiicheza kwenye spika mbili bila kuichanganya vizuri, muziki unavuma na nyayo za nyumbu zinatikisa kuta, Mufasa haonekani popote. Watu hupandisha sauti, muziki unazidi, Mufasa bado hayupo. Dawa ni kwenye menyu ya diski au ya programu: chagua sauti ya stereo. Ukishachagua na maneno bado yako mbali kama yanatoka chooni, angalia jeki. Jeki isiyoingia mpaka mwisho inafuta kile kilicho sawa kulia na kushoto, na kilicho sawa pande zote ndiyo maneno.

Bluutuu iache. Sauti huchelewa nyuma ya midomo, na kwenye katuni kuchelewa huko kunaonekana upesi kwa sababu mdomo umechorwa kuifuata sauti. Tumia waya. Ukilazimika kutumia bluutuu na unacheza kwa programu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows, herufi J na K husogeza sauti nyuma au mbele, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Rekebisha kwa kumtazama Zazu; mdomo wake unafungwa kwa kishindo, haudanganyi.

Kuhusu besi: sehemu ya chini kabisa ya sauti nzito ya mwanamume iko karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100. Spika ya simu na televisheni nyembamba haifiki huko, kwa hiyo ukipandisha besi hupati Mufasa, unapata mtetemo wa plastiki. Kwenye spika ndogo acha besi ilivyo. Ukiwa na subwoofa, yaani spika ya besi peke yake, iachie sauti za chini ya hezi 80 tu, na iondoe kwenye kona, maana kona ya ukuta wa tofali inaongeza mvumo na kila sentensi itaburuza mkia. Vyumba vyetu vya sakafu ya saruji au vigae vinavuma kwenye hezi 200 hadi 300. Punguza hapo desibeli 3 kwenye ikwalaiza, kirekebisho cha sauti cha programu au spika. Ongeza 2 tu kwenye hezi 2,000 hadi 4,000, kwenye konsonanti. Mufasa anaeleweka kwa konsonanti zake. Shuka la Kimasai ukutani linapendeza kwenye picha lakini ni jepesi, linakula ukali wa juu tu na kuacha mvumo. Godoro la sponji lililosimamishwa nyuma ya wasikilizaji linafanya kazi kubwa zaidi.

Sehemu ambayo watu huisubiri ni ya kusoma. Tunaandika mistari yetu ya Kiswahili, ya baba na mtoto, bila kunakili ya filamu, kisha mtu anaisoma kwenye maikrofoni kwa namna ya Jones. Kumchagua msomaji ni nusu ya kazi. Washereheshaji wa harusi ndio wabaya kuliko wote, samahani zao, maana maisha yao yote wamefunzwa kuua kimya. Ukimpa nukta atatia "makofi tafadhali". Konda wa daladala ana nguvu lakini koo lake limezoea kupaa juu ya honi. Wazuri ni walimu wa darasa la kwanza, wanaume kwa wanawake, na wazee wanaosoma masomo kanisani au kufundisha madrasa. Wanajua kumsubiri msikilizaji.

Karatasi iandikwe kwa herufi kubwa na pumzi ziwekewe alama. Mfano:

Mwanangu / njoo ukae hapa. // Leo nimepata hofu / ambayo sikuitegemea. // Hapana, / usiinamishe kichwa.

Mkwaju (/) mmoja ni kimya cha nusu sekunde, miwili ni sekunde moja na nusu. Msomaji mpya atahisi sekunde moja na nusu ni mwaka mzima na ataifupisha; mwambie ahesabu kimoyomoyo. "Hofu" isisomwe kwa nguvu. Ndiyo neno zito la mstari, na akilisukuma linageuka tangazo la redio. "Usiinamishe" lina silabi nyingi, lisikimbizwe; kama halikai, badilisha neno, usile mkwaju uliotangulia. Kosa la kawaida katika kuandika mistari ya Kiswahili kwa ajili ya katuni ni hilo: sentensi inakuwa ndefu kuliko mdomo uliochorwa, na mtu anabana vituo ili maneno yaenee. Punguza maneno.

Msomaji akiwa mzee na amekosea, humwambii amekosea. "Shikamoo mzee, naomba tuirudie hiyo kidogo, upepo umeingia." Upepo ubebe lawama. Atarudia kwa furaha, na mara nyingi mara ya pili ndiyo nzuri.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iweke hali ya ndege, zima friji na feni, funga dirisha la upande wa barabara. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, imeinama pembeni kidogo ili P na B zisilipuke usoni kwake; mstari wenye "Pumbaa", jina la ngiri wa filamu, ndio mtihani. Ukiwa na maikrofoni inayosikia upande mmoja tu, soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya hupunguza milipuko hiyo, na kukaribia kunaongeza uzito wa sauti. Kwenye simu kukaribia hakuongezi uzito, kunaongeza mate na upepo. Vilele vya sauti, kwenye kipimo cha programu ya kurekodi, viwe kati ya desibeli -12 na -6. Kabla msomaji hajaanza, rekodi sekunde 10 za chumba kitupu. Audacity, programu ya kuhariri sauti, itazitumia kujua kelele ipi ya kuondoa. Ondoa kidogo. Ukizidisha, sauti inakuwa kama iko ndani ya pipa la maji.

Kisha kishawishi: programu inayoshusha sauti ya mtu chini. Nusu toni moja inavumilika. Mbili, msomaji anaonekana amelewa. Tatu, watoto wanaanza kucheka, na wako sahihi.

Lipo pia jambo la kompyuta kutengeneza sauti ya Jones mwenyewe. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba aliridhia rekodi zake za zamani zitumike na kampuni ya Ukraine, Respeecher, kuiendeleza sauti ya Vader. Ridhaa ile ilikuwa yake, kwa kazi ile. Kijana wa hapa anayepakua programu ya bure na kumfanya "Mufasa" atangaze duka la simu hana ridhaa hiyo, na sisi hatuchezi vitu hivyo. Na ukitaka kuonyesha filamu kwa kiingilio, hiyo si jioni ya marafiki tena. Unahitaji ruhusa ya mwenye filamu na kibali cha maonyesho.

Arusha ina wasikilizaji wa aina yake, waongoza watalii. Kila siku wanasikia mgeni akiita simba yeyote mwenye manyoya "Mufasa", na usiku kambini Serengeti wamesikia simba wa kweli. Watakwambia ngurumo ya filamu siyo, na hawakosei: ngurumo zile zilitolewa na mwigizaji wa sauti Frank Welker. Simba wa porini huanza kwa mlio mrefu, hupanda, kisha humalizia na mikoromo mifupi mfululizo inayofifia, na inaweza kusikika hadi kilomita 8. Mwongoza watalii mmoja akikubali kuigiza mikoromo hiyo ya mwisho, mpe nafasi kabla ya kipande cha nyota. Watoto wanaipenda kuliko filamu.

Baada ya kusoma, hifadhi rekodi ya asili ya WAV mahali pake, kisha tengeneza nakala ya MP3 ya kilobiti 192 ya kusambaza. Ukiituma WhatsApp, itume kama faili la nyaraka. Ukiicheza kwa spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti, itabanwa na konsonanti zote ulizozihangaikia zitapotea. Iite kwa jina la msomaji na tarehe, la sivyo mwezi ujao simu itakuwa na mafaili kumi yanayoitwa "Mufasa mpya".